Vishikio vya nyambizi

Jumapili, Bellevue

Bado navifikiria vile vishikio. Kwenye paneli ya nyambizi ya zamani tuliyoitembelea, ambayo sasa ni makumbusho, kimoja mviringo, kingine kama nyota, kila kimoja na umbo lake, ili taa zikizimika baharia ajue kwa mkono ni kipi. Siku hizi, alisema mtembeza wageni, ni skrini tu.

"Sasa gizani mkono unashika nini?" nikamuuliza.

"Skrini ina betri yake, mama."

Binti yangu Zawadi akaona aibu. Eish, mimi sikuridhika.

Nyumbani nimefumba macho nikapapasa cherehani. Kila kitu nimekijua. Nikapapasa simu: kioo kitupu.

Daktari anasema jicho la kulia nalo linalifuata la kushoto gizani.

Zawadi anataka kuninunulia jiko jipya la kioo, la kugusa tu. Nimemwambia hili la swichi za kuzungusha linanitosha. Sababu sijamwambia.