Kuku Aliyeatamia Chooni

Shikamoo Bibi,

Najua huitiki tena, lakini nakuamkia hivyo hivyo. Ukisikia mjukuu wako amesahau shikamoo, utafufuka kwa hasira.

Unalikumbuka lile sinki la choo nililokuletea kijijini Mvumi kutoka Nzuguni mjini, limefungwa kwa kamba nyuma ya bodaboda? Ulikuwa ndiyo kwanza unapanda kutoka korongoni, ndoo kichwani, maji uliyoyachota kwa kata kwenye kisima chako cha mchangani, kile ulichokizungushia miiba mbuzi wasikichafue. Ukalizunguka lile sinki. "Linakunywa ndoo ngapi hili?" Nikajibu, moja kila mtu akienda. Ulicheka mpaka ukaketi chini. Kwako maji ya kunawa uso yalioshewa miguu, kisha yakanyweshwa kuku. Tukiyamwaga ulifoka: "Hayo hayajachoka!"

Kesho yake nikakuta kuku ameatamia ndani ya sinki, na wewe unamsifia.

Tukagombania shimo la choo. Ulitaka lichimbwe juu kwenye mawe, mbali na kisima. Mimi, bwana wa mjini mwenye viganja laini, nikachimba karibu na korongo, penye udongo mwepesi. "Na mvua ikija?" ukauliza. Nikakucheka. "Mvua gani, Bibi? Siku hizi ipo?" Ukajitwika ndoo yako. "Siku ukichimba kule juu, niite nije nikague."

Sikukuita, mpaka ukatutoka.

Mwaka huu mvua ilichelewa, watu wakapanda mtama mara mbili. Kisha ikaja yote alasiri moja. Wataalamu wanasema ni mabadiliko ya tabianchi. Wewe ungesema mvua imekosa adabu. Korongo lilishuka likinguruma, likabeba choo changu na vyote vilivyokuwamo, likavimwaga kisimani kwako. Mlango tuliukuta umesimama wima shambani kwa jirani, komeo limefungwa. Shangazi akaupigia hodi.

Tulicheka sana. Tukaondoa taka kisimani, tukadhani kimesafika. Binti yangu Neema, aliyekuwa likizo kwa shangazi, akanywa. Kuhara kukamlaza hospitali siku tatu. Niliogopa, Bibi. Nilikaa nikiitazama dripu, nikaona aibu ambayo sijapata kuiona maishani.

Amepona. Ameshaanza kunigombeza: juzi nilimwaga maji ya kunawa, akaruka, "Baba, hayo hayajachoka!" Sijui nani kamfundisha, maana mimi sikumwambia. Sasa tunachemsha maji ya kunywa, na kisima kipya tumekichimba sehemu ya juu ya korongo, mbali na choo chochote. Sinki halikuwahi kufungwa, bado lipo uani. Kuku kaangua vifaranga humo, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kulikalia.

Nami nilichukua sururu nikapanda kwenye mawe yako. Wiki mbili nzima. Viganja vyangu vimejaa malengelenge, kalamu hii naishika kwa vidole viwili.

Shimo limekwisha, Bibi. Liko kule juu, ulipopaonyesha. Nakuita. Njoo ukague.

Mjukuu wako mkaidi,
Baba Neema