Baba Yetu Thabit, Mwamuzi wa Mbio za Hail

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ulipotutoka, na nyumba ya Hail, hapa Oman, bado inajisahau. Mjukuu wako Noof anabisha hodi kwenye chumba chako kabla ya kuingia. Mama bado anapika wali wa kumtosha mtu anayeongeza mara mbili, kisha anautazama na kuwagawia majirani.

Wengi waliokuja kutupa pole walikujua kwa kazi yako ya wizarani, ya kupima viwanja na barabara. Walisema ulikuwa mtu wa haki, hukumpendelea mtu hata kwa shibiri moja ya ardhi. Ni kweli. Lakini sisi wa nyumbani tulikujua zaidi kwa Ijumaa zako. Hukuweza kutia tonge mdomoni mpaka wenzako wote wafike. Aliyechelewa ulimpigia simu. Aliyeumwa ulimfuata kwa gari mpaka mlangoni kwake, nawe ulivyokuwa ukiendesha taratibu, sisi tulibaki tunazunguka sinia kama waliofunga.

Vijana wa Hail wa leo hawajui kwamba pale penye nyumba mpya na duka la dawa palikuwa na uwanja wa udongo, wa mviringo, na juu yake zikikimbizwa pikipiki. Aliyeleta wazimu ule ni rafiki yako Ghanim. Baada ya kuondoka Unguja alikaa Uingereza, akazoea kwenda kuangalia mbio hizo kila Jumamosi, na aliporudi Oman akarudi na pikipiki zake ndani ya masanduku ya mbao. Mama yake mzazi alidhani kaleta mashine za kufulia.

Pikipiki zenyewe hazikuwa na breki. Mpandaji alifunga soli ya chuma kwenye kiatu cha kushoto, akifika kwenye kona anailaza pikipiki, anaburura mguu chini, na gurudumu la nyuma linakwenda ubavu likitimua vumbi. Kona zote ni za kushoto, mizunguko ni minne, basi. Shihab, aliyekuwa karani wa benki mwenye shati la kupigwa pasi, alijifunza haraka kuliko alivyotarajiwa. Asaad wa Sidab, mdogo wao na mkimya wao, alijifunza kwa kuanguka.

Nawe ulijaribu, Baba, usitukatalie. Ulipanda mara moja tu. Kona ilipofika wewe ukaendelea moja kwa moja, ukapita uzio, ukapita watu, mpaka ufukweni, na pikipiki ikazimikia kwenye maji. Siku ile ile wenzako wakakufanya mwamuzi, kwa usalama wa umma. Ghanim aliisimulia hadithi hiyo kila alipopata mgeni, na wa kwanza kucheka ulikuwa wewe.

Mama anazikumbuka mbio zile kwa vumbi na joto. Wanawake walikaa ndani ya magari, vioo vimepandishwa, harufu ya mafuta inapenya hivyo hivyo. Anasema hakuwahi kuelewa nani yuko mbele na nani kaachwa mzunguko mzima. Yeye alikuwa akikutazama wewe na bendera yako ya miraba myeusi na myeupe, umesimama mstarini na kanzu imegeuka rangi ya udongo.

Mbio za mwisho Mama hakuwepo, kwa kuwa alikuwa ndiyo kwanza amemzaa Safwan. Ardhi ilikuwa imekwishagawanywa viwanja vya nyumba, na aliyevipima ni wewe mwenyewe. Kila mtu alijua hakuna mbio nyingine baada ya zile. Katika mzunguko wa mwisho Ghanim na Shihab walitoka kwenye kona sambamba, Asaad yuko nyuma yao. Gurudumu lake likanasa kwenye mfereji, akaanguka, na pikipiki ikamlalia mguu. Ghanim na Shihab wakakata mstari. Kwa kuwa hawakuwa na breki walikwenda nusu ya uwanja ndipo wakasimama, na waliporudi wakakuta watu wote wamemzunguka Asaad, nawe umepiga magoti, kichwa chake kiko mapajani mwako.

Wakangoja mpaka Asaad amepelekwa hospitali, kisha wakakuuliza nani kashinda. Waliokuwa ndani ya magari hawakuona kitu kwa vumbi. Karibu na mstari ulikuwa peke yako. Ukawaambia, "Nitakwambieni Ijumaa." Walipokuja Ijumaa na halua yao mkononi, ukawaambia Ijumaa ijayo.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa baraza lako, Baba. Uwanja ulijengwa nyumba, nyumba zikapakwa rangi na kupakwa tena, Ghanim akafungua duka la spea Hamriya, Shihab akapanda cheo benki mpaka akastaafu, na kila Ijumaa baada ya sala na wali mlikaa pale pale kwenye zulia. Ghanim atasema alitangulia kwa gurudumu zima. Shihab atasema Ghanim alikuwa akila vumbi lake. Asaad atanyoosha mguu wake usiokunjika vizuri, ashike kikombe cha kahawa, asikilize. Mwisho wote watakugeukia, nawe utasema Ijumaa ijayo, inshallah. Tulikua na hilo jibu. Tukikuomba viatu vipya vya Idi ulitujibu vivyo hivyo, ila viatu vilikuja.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na Mama aliijua yako. Ulimwambia ndani ya gari mkirudi kutoka Sidab kumjulia hali Asaad, mguu wake ukiwa bado umefungwa plasta. Hukumwona aliyeshinda. Ulikuwa hutazami mstari. Ukamtaka Mama asimwambie mtu, kwani Asaad akisikia atajiona ndiye aliyewaharibia wenzake mbio zao za mwisho, na hatakaa nao tena. Kwako ilikuwa bora Ghanim na Shihab wakuandame wewe mpaka uzee.

Wakakuandama kweli. Na ulipofariki, jambo lile likamwangukia Mama.

Alipokuwa akikaa eda hakuna aliyemgusia. Baraza liliendelea, Safwan akiwamiminia kahawa, ingawa kila mara macho yao yalikwenda kwenye mto uliokuwa ukiuegemea. Kisha Ghanim akaambiwa na daktari kwamba moyo wake unataka kupasuliwa. Mtu aliyekimbiza pikipiki zisizo na breki akaogopa, na hofu ikamfanya awe mgomvi. Ijumaa moja akasema kwamba wewe, kwenye harusi ya Safwan, ulimkonyeza, maana yake mshindi ni yeye. Shihab akamwambia ni haramu kumfanya marehemu shahidi kwa kope. Maneno yakawa maneno. Wakaondoka kila mmoja na gari lake, wala hawakuagana.

Ijumaa iliyofuata alikuja Asaad peke yake, kwa teksi, kutoka Sidab. Akakaa mahali pake, akanywa kahawa, akamuuliza Safwan habari za nyumbani, akaondoka. Na iliyofuata vile vile. Mama alimtazama kutoka mlango wa jikoni, na siku hizo hakula. Alimwambia binti yake Masouda kwamba mumewe amekufa mara moja na sasa anakufa tena mbele ya macho yake. Akinyamaza, Ghanim atakwenda kupasuliwa akiwa na kinyongo na rafiki yake wa maisha. Akisema, atakuwa amevunja amana yako na kumwekea Asaad mzigo ule ule uliombebea miaka yote. Tulimshauri hivi na hivi. Hakutusikiliza, na alifanya vizuri, kwani ushauri wetu ulipingana.

Kwenye hitima yako ya mwaka akawaita wote watatu. Hakuna wa kukataa hitima. Ghanim akakaa upande huu wa majlisi, Shihab upande ule, Asaad katikati. Dua ilipokwisha na wageni wengine kutoka, Mama akaja akasimama kwenye mlango wa jikoni, ambao miaka yote ndio uliokuwa mpaka wake watu wa baraza wakiwepo.

"Thabit kaniachia amana," alisema. "Kesho kutwa Ghanim anakwenda hospitali, na baraza la Thabit limekufa humu ndani. Miye sijui tena niifanye nini amana hii."

Shihab akasema, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Tuambie, Bi Khole. Hata ikiwa nimeshindwa miye, tuambie."

Mama akafungua mdomo. Akamtazama Asaad na mguu wake aliounyoosha juu ya zulia.

Asaad akaweka kikombe chini. "Mwacheni Bi Khole na amana yake," alisema. "N'tasema miye. Thabit hakukuoneni. Nilikuwa chini, pikipiki imenilalia, nikamwona kaitupa bendera anakuja mbio. Nyinyi hamjafika mstarini bado. Alikuwa akinitazama miye."

Ghanim alimuuliza kwa nini basi amekaa kimya maisha yote, akiwaacha wazee wazima wagombane kama watoto. Asaad akasema refa asiyetazama mstari si refa, na hakutaka mtu amseme hivyo Thabit, aliyekuwa mtu wa haki.

"Yeye akinificha miye, na miye nikimficha yeye," alisema. "Kila Ijumaa nikija nnaogopa isije ikamtoka."

Tulilia, Baba, hatuoni haya kuandika. Mama alilia pale pale mlangoni, akijifuta kwa ncha ya mtandio wake. Shihab alitazama zulia. Ghanim ndiye aliyetanabahi mwanzo.

"Kwa hivyo hakuna aliyeona," alisema.

Shihab akamjibu kwamba yeye aliona, kwani alikuwa na macho na alikuwa mbele. Ghanim akamuuliza mbele ya nani. Shihab akasogea karibu ili asikike vizuri, akachukua vikombe viwili na kuvipanga juu ya zulia, hiki wewe, hiki mimi, na Ghanim akakisogeza chake mbele kidogo. Mama akafuta macho, akarudi jikoni kuteleka kahawa nyingine, maana alijua watu hawa hawaondoki kabla ya magharibi.

Ghanim alipasuliwa na amepona, alhamdulillahi. Muuguzi anasema alipozinduka maneno yake ya kwanza yalikuwa ya kumtukana Shihab, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda tangu alfajiri.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Baba, akupanulie kaburi lako, na akutazame kama ulivyowatazama walioanguka.

Wanaokukumbuka ni mkeo Khole, wanao Safwan na Masouda, mkweo Balqees, mke wa Safwan, mjukuu wako Noof, na wenzako wa uwanjani. Kwa hao wenzako palizuka tatizo. Ghanim alitaka jina lake litangulie. Shihab akasema tangazo la marehemu haliandikwi uongo. Wakabishana mpaka Mama akamnyang'anya Safwan kalamu, akaandika mwenyewe, na sisi tumeliacha kama alivyoliandika:

Wa kwanza, Asaad.

Nyuma yake, sambamba, Ghanim na Shihab.

Hutatutoka moyoni, Baba, maisha yetu yote.