Uso wa Baba Tuse

Tunduma, Juni 2009

Baba Tuse,

Sasa hivi mwanao ameilisha sanamu yako ugali mpaka rangi ya mdomo imetoka. Hatujambo.

Ndiyo, sanamu yako. Mzee Jonasi ananifundisha kupaka rangi watu wa udongo anaowauza hapa mpakani, wadogo kama kidole. Mwanzoni niliwajaza weupe machoni, akanicheka: "Binti, huyu kaona nyoka?" Sasa macho nayapaka mwisho, kwa ncha ya unyoya. Nikakupaka wewe kwa kukukumbuka tu, na kovu lako juu ya jicho.

Jana mama mmoja wa Nakonde akakushika. "Awe! Huyu si mume wa jirani yangu? Hata kovu!"

Kumbe Kitwe uliyoniaga unakwenda kutafuta kazi ni hapo Nakonde, ng'ambo ya geti! Miaka miwili umetoweka, mtoto anaita udongo baba, Gwamaka! Huna haya?

Barua hii anakuletea mama huyohuyo. Usihangaike kuhama. Nitavuka na Tuse mgongoni na wewe mkononi, niulize mlango kwa mlango, mtaa mzima usikie, "Mnamjua huyu?" Watakujua, kama alivyokujua mama huyu. Wala siji kuomba; kazi yangu sasa inanunuliwa, na tutakula bila wewe.

Mzee ananiita, "Mama Tuse, rangi inakauka!" Nakuja, Mzee. Ila siku utakayonifungulia mlango, huo uso wako utajaa weupe machoni kama aliyeona nyoka, na Mzee hatanicheka tena.