Suti Ambayo Sikuivaa

Jumatatu, 4 Agosti

Kuni mbichi tena. Moto umekataa kushika hadi saa moja, na vichwa vya mbuzi vimejaa makarai mawili vikinitazama. Akoth, ambaye moto wake uko kando ya wangu, amemtukana muuza kuni hadi nikamwonea huruma.

Kazi ni ile ile ya miaka kumi na tisa hapa machinjioni Kiamaiko. Mbuzi wanachinjwa alfajiri, nyama inaenda kwa mabucha, sisi wanawake tunaletewa vichwa na miguu. Tunachoma manyoya kwa nondo ya moto, tunakwangua kwa kisu, tunaosha, wauza supu wanachukua. Binti yangu Linet alikuwa darasa la pili nilipoanza. Sasa ana kiti chake ofisini.

Saa mbili na robo mwanga uliingia kwa ule mwanya wa mabati. Nikasimamisha simu juu ya debe, sekunde kumi, nikarudi mbio kuchuchumaa. Picha tatu. Mbili za upuzi, moja nimefumba macho. Sijafuta hata moja. Huu ni mwezi wa tatu najipiga picha kazini na bado sijapata ile ninayoitaka.

Jumatano, 6 Agosti

Akoth ameniuliza natafuta nini kwa hiyo simu. Nikamjibu ovyo. Niandike jibu hapa basi.

Baba Linet alipofariki mwaka juzi, ilitafutwa picha ya kuweka kwenye programu ya mazishi. Alifanya kazi kiwanda cha sabuni tangu ujana. Hatukupata hata picha moja ya kazini. Ikapatikana ya kitambulisho. Studio wakakata kichwa, wakamvisha suti ya buluu na tai kwa kompyuta, nyuma wakaweka maua na ngazi za jumba ambalo hakuna anayelijua. Watu wakasema amependeza. Mimi nilikaa ndani ya hema na ile karatasi, nikamtafuta mume wangu nisimwone. Hakuwahi kuwa na suti. Alikuwa na ovaroli mbili, moja imepauka magoti. Nililia, wakadhani ni uchungu wa kufiwa. Nilikuwa na hasira.

Baadaye nikapekua albamu zote kutafuta zangu. Harusi za watu. Ubatizo. Krismasi. Kila mahali nimevaa nguo ya kuazima na nimebana midomo. Hakuna moshi, hakuna kisu. Mwanamke aliyemsomesha Linet hayumo.

Sitaki kuvishwa suti ya kompyuta. Ndiyo maana najipiga picha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeipata!

Nimechuchumaa. Kichwa cha mbuzi mkono wa kushoto, nondo mkono wa kulia, moshi umemeza bega moja. Nusu ya uso ni masizi. Naangalia mbele moja kwa moja na sicheki. Kiwiko cha Akoth kimeingia pembeni na tayari anajigamba kwamba yeye ndiye mrembo wa picha.

Nimeitazama siku nzima, mafuta ya mbuzi yamejaa kwenye kioo cha simu. Nilidhani miaka hii imenimaliza. Huyu mwanamke hajaisha. Ana taya la mama yangu, lile alilokuwa anakaza kabla hajamkatalia mtu jambo. Sikujua ninalo. Kesho naipeleka ikachapishwe.

Jumamosi, 9 Agosti

Baba Sharon ana studio karibu na soko letu la Jericho. Nilimwachia picha, nikaenda kununua sukuma, nikarudi. Ameshaichapa, kubwa, ndani ya fremu. Na ameniosha.

Masizi hakuna. Moshi hakuna. Uso umekuwa mweupe, ngozi laini ya mtoto mchanga. Kichwa cha mbuzi amekifuta, kwa hiyo mkono wangu wa kushoto umeshika hewa. Nondo ameiacha kwa sababu hakujua ni kitu gani. Alikuwa amefurahi kabisa, anangoja nimshukuru. Ndivyo anavyofanya kazi. Kila uso unaoingia mle anausafisha bila kuulizwa, na kwa miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Nikalalamika mimi. Akasema watu watafikiri studio yake haijui kazi safi. Nikavuta stuli nikakaa mlangoni. Wateja wawili walichungulia wakaenda zao. Mwishowe akaichapa kama ilivyokuwa, lakini akakataa kupiga muhuri wa studio nyuma yake. Na akae nao.

Nimeitundika sebuleni, karibu na Baba Linet na suti yake. Sasa kuna mtu mmoja wa kweli kwenye ukuta huu.

Jumapili, 10 Agosti

Habari njema. Watu wa Brian wanakuja Jumamosi ijayo. Mama yake na wajomba wawili, kutoka mtaa wa Fedha, kujua nyumbani kwa kina Linet. Msichana wangu ana miaka ishirini na sita na anampenda huyo kijana, hilo halihitaji darubini. Nilimkumbatia hadi akalalamika kwamba nanuka vitunguu.

Kisha akaona ukuta.

Kumbe huko Fedha amewaambia kwamba mimi mama yake niko kwenye biashara ya nyama. Si uongo. Si kweli pia. Akasimama mbele ya picha, bado na Biblia kwapani, akaniambia polepole: "Mama, si utoe hiyo picha hiyo siku moja tu?"

Nikasema hapana. Ameosha vyombo kwa kelele, vikombe vyangu viwili vimepasuka masikio.

Jumanne, 12 Agosti

Senge amefika kutoka Kakamega. Ndivyo tunavyomwita shangazi, dada ya marehemu mume wangu, na kwetu yeye ndiye mwenye msichana siku kama hizo, kwa hiyo nyumba sasa ni yake. Amehamisha viti. Ameagiza kuku wa kienyeji, si hawa wengine. Amekagua mapazia.

Picha aliifikia mwisho. Akasema wakwe hutazama ukuta kabla ya kutazama chakula, na hawa watatoka wakisema binti ametoka kwenye moshi. Nikamwambia ametoka kwenye moshi. Akamwita Linet jikoni, wakanong'ona. Nikawaacha wanong'one.

Alhamisi, 14 Agosti

Sijala, naandika kwanza.

Nimerudi kutoka kazini nikajikuta ukutani. Suti nyeusi. Kola nyeupe. Midomo myekundu. Nyuma yangu magorofa ya vioo. Kichwa ni changu, kimetolewa kwenye picha ya harusi ya binamu, shingo imekaa upande kidogo kwa sababu ile suti ilipigwa ikiwa na mtu mwingine ndani. Baba Sharon huyo. Linet ndiye aliyeagiza. Picha yangu ilikuwa nyuma ya kabati, imegeuzwa uso.

Senge akapiga makofi, akasema sasa huyu ndiye mama ya bibi harusi.

Nimevishwa nikiwa hai. Hilo ndilo lililokuwa kichwani, hilo tu. Nikaitoa, nikarudisha yangu. Sikuirarua ile ya suti kwa sababu Linet alikuwa ananitazama. Nikawaambia: "Nikifa mtaniweka mnavyotaka. Sijafa."

Linet akalia. Akaniuliza kama nataka aachwe.

Nikaingia jikoni kuosha mikono. Brian akimwacha kwa sababu ya picha, itakuwa ni kosa langu. Naogopa. Na picha iko pale pale.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimechomeka kidole. Sikujipiga picha leo.

Akoth anasema niitoe tu, ni siku moja, Jumapili nairudisha. Anasema hicho ni kiburi. Nimekaa na hilo neno tangu asubuhi, nikikwangua. Labda ni kweli. Kama ni kiburi, nimekipata nikiwa na miaka hamsini na miwili, na hakuna kingine nilichowahi kukataa kuwapa. Hiki sitoi.

Jumamosi, 16 Agosti

Niandike kabla sijabadilisha chochote.

Walisema saa sita, wakafika saa nane. Sala, soda, kuku, chapati. Wajomba ni watu wazuri, wanakula bila maringo. Mama Brian ni mrefu, mpole, amestaafu ofisini juzijuzi. Baada ya kunawa akasimama kutazama picha, jinsi kila mgeni anavyofanya. Akamsifu Baba Linet na suti yake. Akasogea kwenye yangu. Akavaa miwani.

"Na huyu ni nani?"

Hakunitambua. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, nimevaa kitenge kipya na poda, na hakunitambua.

Linet alikuwa amebeba trei ya chai. Akasema: "Ni mama mmoja hivi, wanafanyanga kazi na Mama."

Nilimsikia vizuri. Senge alikohoa. Brian aliangalia viatu vyake, yeye alijua. Ningeweza kunyamaza. Mambo yangeendelea, chai ingenywewa, siku ya posa ingetajwa. Miguu ikanyanyuka yenyewe. Nikaenda nikasimama kando ya fremu, uso wangu kando ya uso wangu, nikamwambia Mama Brian: "Ni mimi. Hapo niko kazini Kiamaiko, nachoma vichwa vya mbuzi. Hiyo kazi ndiyo imemsomesha Linet."

Linet akaiweka trei mezani. Mama Brian akanitazama, akatazama picha, akanitazama tena. Akasema, "Ehe." Akaketi.

Wakazungumzia baridi. Wakazungumzia barabara mbovu ya Outering. Chai hawakuimaliza. Siku nyingine haikutajwa. Linet aliwasindikiza, akarudi, akapita karibu yangu na kuingia chumbani. Hakuubamiza mlango. Heri angeubamiza.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Senge ameondoka na basi la asubuhi, ameniambia nimemaliza kazi niliyoanza. Sijui maana yake na sikuuliza.

Sijutii kusimama. Linaloniuma ni lile la "mama mmoja". Miezi tisa tumboni, miaka kumi na tisa motoni, halafu mama mmoja. Limeniuma kuliko moto. Nimemwonea mtoto wangu hasira ya kweli leo, hasira isiyo na huruma ndani yake.

Jumanne, 19 Agosti

Nimetazama ile picha tena, nikitaka inipe nguvu ya kuendelea kukasirika. Haikunipa.

Nimekumbuka hivi. Linet akiwa mdogo, kila siku ya wazazi shuleni niliosha mikono kwa ndimu na majivu hadi ikachubuka. Nilibadilisha nguo chooni mwa kanisa ili asinione na zile za kazi. Wenzake wakiuliza, nilimwambia aseme mama anauza nyama. Nilimfanyisha mazoezi. Alikuwa na miaka minane, akakosea mara moja akasema vichwa, nikamfinya.

Mimi ndiye niliyeanza kujifuta. Yeye alijifunza kwangu, Jumamosi akarudia somo neno kwa neno. Nimechelewa miaka kumi na nane kupiga hiyo picha.

Nimekasirika bado. Lakini sasa nagawana hiyo hasira naye nusu kwa nusu.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemwambia Linet hayo ya ndimu na yale ya kumfinya. Alikuwa anakata nyanya. Nimemwambia pia kwamba picha haitoki, ili asidhani nabembeleza. Alisikiliza hadi mwisho. Akanipa kisu nimalizie nyanya.

Brian anampigia. Mama yake hajampigia.

Jumamosi, 23 Agosti

Baridi. Vichwa vichache.

Linet amekuja Kiamaiko. Hajawahi kukanyaga hapa tangu azaliwe. Ilibidi aulize njia kwa wauza mbuzi, na alifika na kinyesi cha mbuzi kwenye viatu vyeupe. Akasimama kwenye moshi, macho yanatoka machozi, ya moshi tu nadhani. Akamsalimia Akoth kwa heshima. Akatazama nondo ikiingia motoni na kutoka. Sikumwambia aketi na hakuomba.

Baadaye akatoa simu yake akanipiga picha moja. Nilikuwa naongea na Akoth, mdomo wazi, jino langu lililovunjika linaonekana. Imetikisika. Ndiyo picha ya kwanza ambayo mtu mwingine amenipiga nikiwa kazini. Nilidhani ataifuta.

Ameiweka kwenye status yake. Chini ameandika: Mama yangu. Nimejua jioni hii, mezani, aliponisogezea simu. Akanionyesha pia majina ya walioiona. La Mama Brian limo tangu saa tisa. Hajaandika kitu.

Linet hajaitoa.