Mtani, Bi Mkubwa Ameitika

Mtani wangu Maganga,

Kaa vizuri huko uliko, maana nina habari ya kukuchekesha. Safari hii anayechekwa ni mimi, na bado nimefurahi.

Kwanza nyumbani. Mkeo, Mama Shija, hajambo. Amevuna mahindi yake, na siku hizi ameanza tena kuimba akitwanga. Kofia yako ninayo mimi. Niliitwaa siku ya msiba wako, nikaivaa, nikatembea ule mwendo wako wa bata mbele ya waombolezaji mpaka mkeo akaficha uso kwenye kanga, hatukujua anacheka au analia. Ndiyo kazi ya mtani. Wewe Mnyamwezi, mimi Mkaguru, nani mwingine angeifanya? Nilipofika kwangu niliivua nikalia peke yangu. Hilo ungelitumia kunisimanga mwaka mzima, kwa hiyo nakuambia sasa, huwezi kujibu.

Haya, gari.

Kijiji kilipopewa lile pikapu la dizeli, kila mtu aliona kwamba lilikuwa limekwisha choka kabla ya kupanda mlima kuja kwetu. Hakuna aliyelicheka sana. Wagonjwa wetu tulikuwa tukiwashusha hospitali ya Berega kwa machela, siku nzima njiani, na wengine tuliwarudisha kwa machela hiyohiyo wakiwa wamefunikwa. Wewe ukaliita Bi Mkubwa. Ukawa dereva wake, nami kamati ikanichagua dereva wa akiba kwa kuwa nilisinzia kikaoni nikashindwa kukataa.

Kuendesha ulinifundisha, Mungu akulipe. Tulishuka Kilosa kufuata mbegu na majembe, tukafika mpaka Ruhembe kuchukua miwa ya kupanda, tukalala Mikumi siku ile tairi ilipotushinda, ukakoroma usiku kucha hata simba wakanyamaza. Kule bondeni kwenye joto, Bi Mkubwa aliwaka hata kwangu. Shida ilikuwa huku mlimani, kipupwe kikiingia, ukungu umekaa juu ya boneti na vidole havikunjiki. Hapo alikuwa wako peke yako.

Ulikuwa unaingia, unafunga mlango taratibu, unazungusha ufunguo nusu. Unasema hapo ndipo anapofungua masikio. Kisha, mkono ungali kwenye ufunguo, unamwamkia kwa kile Kiswahili chako cha kuvuta: "Shikamoo, Bi Mkubwa. Umeamkaje? Baridi haikukusumbua? Magoti je? Watoto wamelala salama? Majirani wote wazima? Mashamba nayo? Haya, mama, twende kazini." Ndipo unamalizia kuzungusha, naye anatetemeka, anatoa moshi mweupe, anaunguruma. "Umesikia?" unaniambia. "Marahaba hiyo."

Mimi nikagoma. Mkaguru mzima niamkie chuma, tena kwa kuagizwa na Mnyamwezi? Ukanijibu, "Hukulelewa, mtani. Mtu mzima unampita bila salamu, halafu unataka akubebe." Nikajua ni mtego wako wa kunifedhehesha mbele ya watu. Kwa hiyo zamu yangu ikifika naingia, nazungusha ufunguo moja kwa moja mpaka mwisho, Bi Mkubwa anakohoa, ananyamaza. Nawe unakuja polepole, unamwomba radhi kwa niaba yangu. "Msamehe, mama. Kakulia porini huyu."

Homa ilipokuchukua mwishoni mwa masika, gari likakaa. Hakuna aliyeligusa. Mwezi uliopita ikaja habari kwamba kuna kijiji bondeni kina dereva na hakina gari, sisi tuna gari na dereva haijulikani kama tunaye. Bwana mmoja wa magari kutoka wilayani angepanda Jumatatu asubuhi. Nikiliwasha na kuliendesha mbele ya macho yake, linabaki. Nikishindwa, linaondoka. Mwenyekiti aliponitazama, mtani, aliniangalia kama mtu anayeliangalia daraja la gogo moja na mto umejaa.

Nami nilikuwa na langu. Rehema, binti yangu, alikuwa na mimba ya miezi tisa kasoro siku chache. Usiku wa Jumapili nilimsikia akipumua chumbani, nikawa naihesabu ile njia ya Berega, kila jiwe, kila mahali wabeba machela hubadilishana mabega.

Jumatatu ikaja na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Nusu ya kijiji walisimama pale ghalani wamejifunika mablanketi kama waliokuja kuaga. Nikazungusha. Kikohozi. Nikazungusha tena. Kikohozi kidogo zaidi. Mtu akasema injini ipashwe joto, tukaimwagia maji yaliyochemshwa kwa chai ya mgeni. Ikafuka mvuke, mgeni akakosa chai. Tukalisukuma. Likateremka vizuri sana mpaka uwanja wa shule, likaguna mara mbili, likasimama katikati ya goli. Chini ya pale hakuna tena mteremko, na betri ilikuwa imeanza kulalamika kama mzee anayeamshwa.

Yule bwana alikuwa mtu mstaarabu. Alitoa kalamu, hakuandika. "Ndugu," akasema, "jaribu mara moja ya mwisho."

Ndipo mke wangu, Mama Rehema, akapaza sauti kutoka nyuma: "Baba Rehema, si umwamkie tu? Shikamoo haipunguzi mtu kimo, na wewe kimo chenyewe cha kupunguza huna."

Walicheka mpaka walimu wakatoka darasani. Nikamwona Rehema amesimama pembeni, mkono kiunoni, yeye hacheki. Nikafunga mlango taratibu. Nikazungusha ufunguo nusu. Nikasema, "Shikamoo, Bi Mkubwa," na sauti iliyotoka, mtani, ilikuwa yako, na ule mvuto wako wote. Nikamuuliza habari za kuamka, za baridi, za magoti. Nikauliza watoto. Nikaona aibu imeniishia, nikaendelea, majirani, mashamba. Haya, mama, twende kazini.

Akaitika. Moshi ukawafunika walimu na wanakamati. Nilizunguka uwanja mara tatu kabla ya kukumbuka kwamba mara moja ilitosha. Yule bwana akaniuliza kwa nini nimeliamkia gari. Nikamwambia ni mkubwa kwangu. Akaandika jambo, akafunga kalamu, na gari likabaki.

Alhamisi nikamshusha Rehema Berega, amekaa mbele na mto mgongoni, mama yake nyuma akinigongea bati kila shimo. Amejifungua mtoto wa kike, mwenye sauti ya kuitisha mkutano. Nikiwa nangoja nje, nikamsimulia fundi mmoja aliyekuwa amelala chini ya lori habari za Bi Mkubwa. Akatoka, akajifuta mikono, akafungua boneti. Kumbe ndani mna vijiti vidogo vya kupasha injini, na ufunguo ukiwa nusu ndipo vinapopata moto. Vinataka muda. Zamani palikuwa na kitaa chekundu cha kukuambia sasa tayari, chetu kilikufa. "Aliyekuwa analiwasha," akaniuliza fundi, "alikuwa anahesabu mpaka ngapi?"

Nilicheka mpaka muuguzi akachungulia dirishani. Wewe Mnyamwezi wewe. Miaka yote ile ulinitazama nikigombana na gari, na ulijua.

Sasa kamati imechagua vijana wawili na Mama Shija wajifunze udereva. Ndiyo, mkeo, na anaendesha kuliko mimi. Wote watatu wanamwamkia Bi Mkubwa, salamu nzima bila kuruka hata majirani. Juzi kikaoni nilisimama niwaeleze ukweli, maana kukuumbua ni haki yangu. Nikawatazama, nikaketi. Nikiwaambia ni vijiti tu, watahesabu moja mpaka tano na kuzungusha, halafu tutarudi uwanja wa shule kusukuma.

Kwa hiyo nakuahidi, mtani. Siri ninayo mimi, na nitaitoa kwa mtu mmoja tu, nikishindwa kabisa kukanyaga breki. Nitamtafuta Mnyamwezi, mwenye kiburi cha kutosha, na nitamwacha amkohoze Bi Mkubwa kipupwe kizima kwanza.

Lala salama. Kesho alfajiri nashuka Kilosa, na ukungu umekwisha anza kukaa.

Mtani wako,
Baba Rehema