Vidonge Nilivyomgawia Yaya

Alhamisi, Kilibula, hapa Uvira. Mvua imepiga tangu asubuhi na sasa imetulia. Ziwa limegeuka rangi ya udongo. Yaya, dada yangu, amejilaza chumba cha watoto, na mimi sahani yangu iko mezani, sijaigusa.

Niandike tu, labda kifua kitapungua uzito.

Yaya Furaha ni dada yangu mkubwa. Analima mpunga kule Katogota. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenilea. Damu yake ya mwezi ilikoma, na baada ya hapo likaanza kumjia lile joto la ghafla. Kanisani alikuwa anavua kitenge cha mabegani katikati ya mahubiri, jasho linamtiririka, watu wanageuka kumtazama.

Mimi joto hilo nalijua. Nilipofanyiwa operesheni ya uvimbe, walitoa mfuko wa uzazi pamoja na ovari zote mbili, na daktari akaniandikia vidonge vya estrojeni, homoni ambayo ovari hutoa. Vilinirudishia usingizi wangu.

Basi nikamgawia yaya vyangu.

Sikumuuliza mtu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, lakini nilijiona najua. Kila aliposhuka Uvira nilimfungia vingine kwenye karatasi. Alinibariki, akasema sasa analala kama mtoto mchanga.

Kisha damu ikarudi, na hakuniambia. Mwanzoni alicheka peke yake, akidhani ujana umemkumbuka. Ilipozidi akaona haya, akajifunga vitambaa na kuendelea kwenda shambani. Juma lililopita alianguka kwenye mpunga. Majirani wakamleta kwangu kwa pikipiki, midomo imekuwa myeupe. Hospitalini walimpiga ekografi, ile picha ya tumbo, wakakuta utando wa ndani ya mfuko wa uzazi umenenepa kupita kiasi. Wakachukua kipande kidogo kikapimwe.

Leo tumeitwa kusikia majibu.

Daktari ni mama wa makamo, mpole wa sauti. Kabla ya yote aliuliza, "Mama, hizi dawa nani alikupatia?"

Yaya hakunitazama. "Miye mwenyewe nilinunua, dokta. Ku soko."

Nilikuwa nimekaa palepale, mkoba mapajani.

Nikamwacha dada yangu akaripiwe kwa ajili yangu.

"Estrojeni ndo inaambia ule utando ukue," daktari akamwambia. "Iko homoni ingine, projesteroni, ndo inauzuia. Inapunguza milango yenye estrojeni inapitia, na ile yenye imeshaingia inaigeuza kuwa dhaifu. Ukiwa kijana, mwili ulikuwa unatoa zote mbili. Sasa weye umekunywa moja tu, kila siku. Utando unaambiwa kua, kua, na hakuna wa kuuambia basi. Unanenepa mpaka unabomoka ovyo, ndo ile damu. Ukiachwa hivyo, unaweza geuka kansa. Mtu mwenye walishamutoa mfuko anaweza kunywa hii peke yake. Weye mwenye mfuko, hapana!"

Yaya alikuwa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi wangu aliyekosa hesabu.

"Ni mimi, dokta," nikasema. "Ni vidonge vyangu. Mimi ndiye niliyetolewa mfuko."

Yaya akanifinya mkono. "Acha, mudogo wangu."

Daktari akanigeukia. "Mwalimu, ulifikiri mwili wake ni mwili wako?"

Swali hilo nimerudi nalo nyumbani.

Majibu yenyewe ni mazuri kuliko nilivyostahili. Si kansa. Chembe za utando zimezidi, lakini hazijaharibika. Vidonge vyangu ameachishwa, amepewa vya projesteroni ili utando upungue, na atarudi kupimwa tena. Nilimshukuru Mungu pale mlangoni, lakini shukrani yangu ilikuwa na aibu ndani yake.

Tuliporudi nyumbani nilimwomba msamaha, nikalia. Yeye ndiye aliyenibembeleza. Akasema nilitaka apone, basi, yameisha. Halafu akaanza kusokota ncha ya kitenge chake.

"Sasa mama Neema nitamwambia nini?"

Nikamuuliza mama Neema ni nani.

Ni jirani yake wa Katogota, wanaimba pamoja kwaya. Naye joto lilikuwa linamtesa. Yaya alimwonea huruma, akawa anamkatia nusu ya kila nilichompa.

Tangu hapo nimepiga simu ya mama Neema. Haipatikani.

Kesho alfajiri napanda gari la kwanza la Katogota. Nitamwambia aache vile vidonge, na nitamwomba tushuke naye hospitali siku hiyohiyo, hata kama hajaona damu. Hilo nimeshaliamua. Nisilolijua ni namna ya kuanza salamu kwa mama nisiyewahi kumwona, ambaye yaya anasema huniombea kila Jumapili kwa sababu ya dawa niliyowapa.