Mfupa Uliokataa Chuma

Dodoma, Novemba 1911

Mke wangu Mama Emilia,

Mwalimu akikusomea barua hii, yule mbuzi mweusi atakuwa ameshazaa? Mvua je, imewafikia huko Kibakwe? Hapa ni vumbi tupu.

Habari ya mguu wangu uliovunjwa na reli unaijua. Daktari Mdachi alinitia bamba la chuma, mfupa ukaligomea. Usaha ulitoka miezi miwili, na parafujo zikalegea zenyewe. Akalitoa, akapigilia kijiti cha pembe ya ndovu. Hicho mfupa umekipokea kama ndugu. Kidonda kimefunga, nami natembea bila gongo.

Sasa anataka kunipasua tena, aone kama mfupa umeshikana na pembe au umeila. Nikamwambia, "Bwana, mbegu ya uwele haifukuliwi ili mtu aone kama imeota." Akasema mguu huu ni kazi ya mikono yake, na Jumatatu atanilaza mezani. Nikamjibu kwamba pembe ni yake, lakini mfupa ni wangu.

Jumatatu haitanikuta hapa. Barua itatangulia na Seth, jirani yetu anayerudi huko kesho, mimi nafuata njia ya porini. Askari wakija kuuliza, usinifiche. Waambie nimepanda kilima chetu kulima, na daktari mwenyewe anifuate kwa miguu. Akinipata kabla sijafika juu, mguu ni wake.

Mumeo ninayekuja kwa miguu miwili,
Sila Chilongani